Mwajiri Ndiye Ajieleze

Binti wa kata ya Ulaya, wilayani Kilosa, akiachishwa kazi kwenye hoteli ya Mikumi kwa sababu ana mimba, barua haitataja mimba. Itasema biashara imeshuka, au mkataba umekwisha, au utendaji wake hauridhishi. Anayebagua hapigi muhuri ubaguzi wake. Kwa hiyo mwamuzi wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi anayemwambia binti huyo alete ushahidi wa maandishi amekwisha kumnyima haki kabla hajamsikiliza.

Tena amevunja sheria! Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinakataza ubaguzi wa rangi, kabila, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa na mwingineo. Hata anayeomba kazi analindwa. Na kinasema wazi: mfanyakazi akionyesha dalili za awali kwamba amebaguliwa, ni juu ya mwajiri kuthibitisha kuwa hakubagua. Ndivyo inavyopasa. Majalada yako kwake, orodha ya mishahara iko kwake, na nani kabakizwa, nani kaondolewa, nani kapandishwa cheo, anayejua ni yeye. Binti ana kadi ya kliniki na barua ya kufukuzwa. Tarehe za karatasi hizo mbili zikifuatana, mwajiri asimame ajieleze, na maelezo yake yachambuliwe bila huruma.

Kenya, mwaka 2013, Jaji James Rika aliamuru mfanyakazi wa benki aliyebaguliwa kwa ujauzito alipwe fidia ya shilingi milioni 3. Marekani, raia wa kawaida ndio walioketi barazani mahakamani San Francisco mwaka 2021 wakaamua kwamba Owen Diaz, aliyetukanwa kwa weusi wake katika kiwanda cha Tesla, alipwe karibu dola milioni 137. Fidia ilikuja kushushwa hadi kama milioni 3.2, lakini uamuzi kwamba alidhulumiwa haukufutwa.

Sisi Tanzania hatuna baraza la raia la namna hiyo. Lakini Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 iliweka wazee washauri katika Divisheni ya Kazi ya Mahakama Kuu, wa upande wa waajiri na wa wafanyakazi. Nataka washauri hao wawepo tangu kwenye Tume, na wawemo wanawake waliofanya kazi kwenye mkonge wa Kimamba, waliotandika vitanda vya watalii Mikumi, wanaojua msimamizi anavyobadilika siku tumbo linapoanza kuonekana.

Nawe uliyefukuzwa, usikae Ulaya ukilia. Una siku 30 tu za kufikisha mgogoro wa kuachishwa kazi kwenye Tume, na 60 kwa migogoro mingine. Andika leo tarehe, maneno uliyoambiwa na waliosikia. Nenda kwenye chama cha wafanyakazi: CHODAWU kama ulikuwa hotelini, TPAWU kama ulikuwa shambani. Na mwamuzi akikudai maandishi ya mwajiri, mwombe afungue kifungu cha 7 akisome mbele yako.