Ile Tyubu ya Mkorogo

Mkorogo wa Kariakoo mara nyingine huchanganywa na tyubu ya klobetasoli, asilimia 0.05. Tusiidharau tarakimu hiyo! Ni dawa ya hospitali, homoni ya kiwandani iliyo kali kuliko karibu zote za kupaka. Hubana mishipa midogo ya damu na kupunguza rangi. Ndio weupe tunaousifia harusini. Baada ya miezi ngozi hukonda, michirizi hutokea, kidonda huchelewa kupona. Ikipenya mwilini, tezi zilizo juu ya figo huacha kutengeneza homoni yake. Kwa hiyo aliyeizoea asiitupe ghafla: amwone kwanza daktari wa ngozi, na Muhimbili si mbali. Mtoto mchanga je? Asipakwe bila daktari kuagiza.