USITUPE MBACHAO: KIOO CHEUSI SI KIFO CHA KOMPYUTA

Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Tangu hapo mwenye kompyuta ya mezani ya zamani, awe Nyamirambo au Kimironko, ana njia tatu: kununua mpya, kuendelea bila ulinzi, au kuweka mfumo wa Linux, ambao hautozwi ada. Wanaoshika njia ya tatu hawakukosea. Hata hivyo, uko ugonjwa mmoja uwatishao: mfumo unasasishwa jioni, na asubuhi kompyuta inawaka lakini kioo ni cheusi. Kwa mwenye kibanda cha kupiga chapa na kuwahudumia watu wa Irembo, kutwa ya namna hiyo ni kutwa bila riziki. Wengine huamua kadi imeungua, wakanunua nyingine bure.

Yafaa kwanza tuufahamu ugonjwa wenyewe. Kadi ya picha ndiyo ichorayo kila kionekanacho kiooni, lakini haielewani na kiini cha mfumo pasipo mkalimani, yaani programu iitwayo draiva. Draiva za kadi za Intel na AMD zimo ndani ya kiini cha Linux. Kadi za Nvidia zina draiva mbili: Nouveau, jina la Kifaransa lenye maana ya “mpya”, ambayo nayo imo ndani ya kiini, na ile ya kampuni yenyewe, ambayo huwekwa kando na hulazimu kulinganishwa upya na kila kiini kipya. Umeme ukikatika kazi hiyo ikiwa katikati, au draiva ikiwa ya zamani mno, mkalimani hukosekana na kioo hubaki gizani.

Sasa tushike kazi kwa utaratibu.

Kwanza, washa kompyuta na utazame. Ikiwa jina la mtengenezaji latokea kiooni na giza laja baadaye, basi kadi, waya na kioo kwa kawaida ni vizima. Kosa limo katika programu. Ikiwa hakuna kitu tangu mwanzo, kagua waya. Kompyuta yenye kadi ya kuongezwa huwa na matundu ya kioo mahali pawili, na waya huchomekwa pasipo pake mara nyingi.

Pili, rudi kwenye kiini cha zamani. Kompyuta inapoanza, shikilia kitufe cha Shift, au kwa mashine za karibuni gusa Esc, mpaka orodha ya GRUB itokee. Ingia “Advanced options” uchague kiini kilichotangulia. Picha ikirudi, umekwisha kumjua mkosaji, na kazi ya siku inaweza kuendelea.

Tatu, hilo likishindikana, simama juu ya mstari wa kwanza wa orodha hiyo, bonyeza herufi e, kisha mwishoni mwa mstari uanzao na neno linux ongeza nomodeset, na ubonyeze F10. Picha itakuwa hafifu, lakini utaweza kufanya matengenezo. Badiliko hili ni la mara hiyo moja tu.

Nne, fungua terminali uandike lspci -k. Itakuonyesha jina la kadi na draiva inayotumika. Kwa watumiaji wa Ubuntu, amri ya sudo dpkg --configure -a humalizia kazi iliyokatizwa na umeme, na ubuntu-drivers devices hutaja draiva ifaayo. Chukua hiyo katika hazina ya mfumo wako, wala usipakue faili ovyo katika tovuti.

Yako mambo mawili ya kuangalia. Secure Boot ikiwa imewashwa, draiva isiyo na sahihi hukataliwa. Ukiwekewa nenosiri wakati wa kuiweka, kumbuka kulithibitisha kwenye ukurasa wa buluu kompyuta inapowaka upya, kwani hungoja sekunde chache tu. Tena, kadi za Nvidia za kizazi cha Kepler, zilizoanza kutoka mwaka 2012, draiva yao ya mwisho ni ya mfululizo wa 470. Ikikataa kiini kipya, tumia Nouveau; kwa barua, hesabu na fomu yatosha.

Kinga nayo ni rahisi: usisasishe mfumo asubuhi ya kazi wala umeme unapoyumba, usikifute kiini cha zamani mpaka kipya kimethibitika, na weka flashi yenye Linux ya kuwashia. Picha ikionekana kwa flashi hiyo, kadi ni nzima.

Kompyuta iliyokufa kweli ina mahali pake, katika kituo cha taka za elektroniki kule Bugesera. Iliyopotewa na mkalimani tu haijafikia safari hiyo. Wahenga walituusia tusitupe mbachao kwa msala upitao.