Kabla ya kujenga nyumba za kupangisha, piga hesabu

Majuzi jirani yangu, mwalimu aliyestaafu, alinijia jioni daftari likiwa kwapani. Kiinua mgongo chake na akiba ya chama cha ushirika vilikuwa vimefika shilingi milioni 5. Shauri lilikuwa limekwisha kukatwa: angenunua ploti Ruiru kwa milioni 2.5, ajenge vyumba kumi vya kupangisha kwa milioni 5.5. Milioni 3 zilizopungua angekopa benki, na hati ya nyumba wanamoishi na mkewe ingekuwa dhamana.

"Kila chumba 8,000," akaniambia. "Hiyo ni 80,000 kila mwezi, nami nimekaa zangu barazani."

Nilimwomba kalamu.

Vyumba kumi kwa mwaka mzima ni shilingi 960,000, lakini hapo umedhani kwamba hakuna mpangaji atakayehama wala atakayechelewa kulipa. Mwenye nyumba mwangalifu huhesabu miezi kumi na nusu, kwa maana kuna vyumba vitakavyokaa vitupu Januari wazazi wanapolipa karo, na kuna mpangaji atakayetoroka usiku na deni. Huwezi kumng'olea mlango. Sheria inataka ufuate utaratibu wake. Basi andika 840,000.

Sasa anza kutoa. Tangu Januari 2024 mwenye nyumba za kuishi anayepata kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka hutozwa ushuru wa asilimia 7.5 ya kodi anayopokea. Ushuru huo hukatwa kabla ya gharama zozote kuondolewa, hata kama paa limevuja na fundi amekula nusu ya kodi. Hapo ni 63,000. Wakala wa kukusanya kodi kwa asilimia 10 atachukua 84,000. Maji, taa za nje, takataka na lori la kunyonya choo, tukadirie 10,000 kwa mwezi: 120,000 kwa mwaka. Rangi, vitasa na mabomba, 100,000. Bima na ada za ardhi za kaunti, 33,000.

Jumla ya matumizi ni 400,000. Kilichobaki ni 440,000, yaani asilimia 5.5 ya zile milioni 8. Kwa kulinganisha tu, dhamana ya miundombinu ambayo Serikali iliuza Februari 2024 ilikuwa na riba ya zaidi ya asilimia 18, isiyotozwa ushuru. Mwaka ule riba zilikuwa juu mno, na ni kweli pia kwamba ploti huweza kupanda bei. Lakini bei ya ploti hailipi karo wala dawa mpaka uiuze.

Mwalimu alinyamaza. Tukageukia mkopo. Milioni 3 kwa riba ya asilimia 15, zikilipwa kwa miaka 10, hudai karibu shilingi 48,400 kila mwezi. Kwa mwaka ni zaidi ya 580,000. Ploti inaleta 440,000, benki inataka 580,000: pengo hilo la 140,000 litajazwa na nini? Na pensheni, ile ile ya kununulia unga. Isitoshe, benki haingoji fundi amalize kuezeka.

Kuna hatari nyingine zisizoingia daftarini. Hati ya ploti ni lazima ihakikishwe katika masjala ya ardhi, na mpimaji akuonyeshe mipaka kwa macho yako. Baada ya mafuriko ya mwaka 2024 nyumba nyingi kando ya mito ya Nairobi zilibomolewa. Mwenye nyumba alipoteza kodi na jengo kwa siku moja, na mpangaji akabaki nje na watoto wake.

Msomaji, sisemi usijenge. Wapo waliosomesha watoto hadi chuo kikuu kwa vyumba vinne vya mabati. Wengi wao walianza na walichokuwa nacho, wakaongeza chumba baada ya chumba. Ninachosema ni kwamba kodi si faida. Faida ni kile kinachobaki baada ya kila mtu kuchukua chake, na mwenye nyumba hulipwa wa mwisho.

Mwalimu na mkewe walikaa na lile daftari siku tatu. Sasa wanatafuta ploti hiyo hiyo, lakini watajenga vyumba vinne kwanza kwa pesa zao na kuweka akiba ya laki tatu kwa dharura. Hati ya nyumba yao imerudi sandukuni. Mama ndiye aliyeirudisha, na ufunguo anao yeye.