Menyu zifanane, fedha zisipotee

Mwaka 2007 Microsoft ilibadili mpangilio wa Word na Excel, lakini Publisher ikabaki na menyu za zamani hadi 2010. Makarani walioizoea moja walihangaika kwenye nyingine.

Huku Mwamanyili, wilayani Busega, adha ya aina hiyo hugusa mfuko. Mnunuzi wa mpunga anayelipa kwa kitochi hukariri namba za menyu. Akihamia simu janja, huweza kukuta huduma ileile, ya kampuni ileile, imepangwa kivingine. Hapo atakosea mpokeaji, au atamtajia kijana wa dukani namba yake ya siri.

Tunashauri kampuni zitumie maneno na mpangilio mmoja. Nawe mfanyabiashara, soma jina la mpokeaji kabla ya kuthibitisha.