Fomu za tathmini zinatusemea uongo

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Kabambare. Nilisomea Kasongo, na mdogo wangu wa kike anasomea huko sasa hivi. Naomba nafasi katika kurasa zenu niseme juu ya karatasi moja inayojulikana na karibu kila aliyepita chuo kikuu au chuo cha ualimu upande huu wa kusini mwa Maniema: fomu ya kumtathmini mwalimu na kozi yake, ile inayogawiwa somo linapoisha. Fomu hiyo inatusemea uongo, na uongo huo unapelekwa juu ukiwa na mhuri.

Kwa wasioijua, ni nusu karatasi, fotokopi ya fotokopi, wino umefifia hata mistari ya jedwali haionekani. Maswali yameandikwa kwa Kifaransa. Mwalimu anaimudu taaluma yake? Anafika kwa saa? Anaeleza vizuri? Mbele ya kila swali kuna vyumba vinne vya kutia alama, kuanzia «très bien» hadi «insuffisant». Chini kabisa imeachwa mistari mitatu ya maoni, na juu kabisa pana nafasi ya jina. Anayezikusanya ni CP, kiongozi wa darasa. Anayezipokea mikononi mwa CP ni mwalimu yuleyule aliyetathminiwa, na wakati huo mitihani yetu bado iko kwake, haijasahihishwa.

«Wandugu, mutie bien fasi yote, tusijitafutie matata.» Ndivyo CP wetu alivyokuwa akituambia kila mara, na hakuna aliyembishia. Darasa lilikuwa dogo, na mwalimu alizijua hati zetu za mkono kutokana na kazi tulizomwandikia. Hata asiyeandika jina alijulikana. Kutuuliza katika hali hiyo ni sawa na kumuuliza mgeni, mbele ya mama mwenye nyumba, kama sombe imeiva.

Basi tukatia bien. Na sasa niseme tulichokuwa tunakiogopa kukisema.

Kozi ya kemia tuliyopangiwa saa 45 ilimalizwa ndani ya juma moja, asubuhi hadi jioni, kwa sababu profesa alikuwa mgeni na alikuwa na darasa jingine linalomngoja. Majaribio yote yalifanyika kwa chaki. Alichora bureti ubaoni, akachora chupa chini yake, akachora matone, akatuambia rangi ingebadilika wapi. Hakuna mmoja wetu aliyeshika bureti. Nikapewa diploma ya kufundisha kemia. Leo nasimama mbele ya watoto wanaojiandaa kwa Exetat, mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari, nachora bureti ileile, na matone yaleyale, na mtoto akiniuliza rangi hiyo inafananaje hasa, namjibu kwa maneno niliyoyasikia. Watoto hawa wa Kabambare wanalipishwa kasoro ambayo kwenye karatasi za chuo imeandikwa «bien».

Sitaki kumtupia lawama zote profesa yule. Alitoka Kindu, akavuka Lualaba hadi Alunguli, akapanda pikipiki katika barabara ambayo masika huigeuza tope tupu. Walimu wengi wa vyuo vyetu hawamo kwenye orodha ya malipo ya serikali, wanaishi kwa kile kinachotoka katika karo ya wanafunzi, kwa hiyo wanakimbia kutoka chuo hadi chuo ili nyumba zao zipate kula. Lakini angalieni maswali ya fomu: yote yanamhusu yeye, hakuna hata moja linalohusu hali aliyowekewa afanyie kazi. Hakuna swali linalouliza kama maabara ipo, kama kitabu kimoja kilipatikana, kama saa zilizopangwa zilifundishwa kwa mpango unaoingia kichwani. Fomu iliyoulizwa vizuri ingemtetea mwalimu huyo. Angeweza kuipeleka kwa wakuu na kusema: wanafunzi wenyewe wanashuhudia kwamba kozi hii haiwezi kufundishwa kwa juma moja, nipeni muda na vifaa. Kwa «bien» zetu tulimnyang'anya ushahidi wake.

Jambo hili limekuwa zito zaidi tangu nchi ilipoanza mfumo wa LMD (licence, master, doctorat) katika mwaka wa masomo 2021-2022. Zamani mtu alisoma miaka mitatu ya graduat, kisha miwili ya licence. Sasa licence ni miaka mitatu, krediti 180. Kozi iliyopita mbio mwaka wa kwanza haina tena mahali pa kurudiwa. Na tangu 2022 Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Baraza lake la vyuo vikuu, lenye makao Kampala, linahesabu maoni ya wanafunzi kuwa sehemu ya kupima ubora wa chuo. Vijana wetu watasimama kwenye mlango mmoja wa kazi na vijana wa Kigoma na Bujumbura. Hapo hakuna atakayesoma fomu zetu, wataulizwa wanachojua.

Mtu asiniambie kwamba Kasongo haiwezi kazi ya kuuliza na kuhesabu. Wazee wa huko wanaukumbuka Mradi wa Kasongo wa miaka ya 1970, ambapo waganga wa hospitali ya huko walishirikiana na Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerpen. Waliwafuatilia watoto wadogo wa mji huo, waliochanjwa surua na wasiochanjwa, wakahesabu nani anaishi na nani anafariki, na mwaka 1981 matokeo yakachapishwa katika jarida la The Lancet, jina la Kasongo likiwa kwenye kichwa cha habari. Waligundua kwamba chanjo iliokoa watoto, lakini wakaandika pia jambo ambalo halikuwafurahisha: faida ile ilionekana kupungua watoto walipozidi kukua. Hawakulificha. Wataalamu wa dunia wakabishana nao kwa miaka, na utafiti uliofuata mahali pengine ukaonyesha kwamba chanjo ya surua inaokoa maisha kweli. Yote hayo yaliwezekana kwa sababu hesabu ilitolewa hadharani, mazuri na mabaya pamoja. Sisi katika vyuo vyetu, miaka zaidi ya arobaini baadaye, hatujawahi kubandikiwa hata mstari mmoja wa majibu ya fomu zetu. Sijui mwanafunzi aliyewahi kuyaona.

Na kuna mambo ambayo mistari mitatu ya maoni haiwezi kuyabeba. Silabusi inauzwa, na orodha ya walionunua inabaki kwa mwalimu. Asiyekuwa na pesa anajua jina lake halipo. Kuna wasichana wanaoambiwa waende kuchukua alama zao mahali pasipo ofisi. Nina mdogo wangu huko, kwa hiyo sisemi hili kwa kufikiria tu. Msichana hawezi kuliandika kwenye karatasi atakayoishika mwalimu huyohuyo. Anahitaji mlango mwingine kabisa, mwanamke aliyepewa mamlaka ya kumsikiliza na kuilinda siri yake. Hata hivyo, swali moja lisilo na jina, «Je, uliombwa chochote nje ya masomo ili upate alama?», likiulizwa darasa zima na likihesabiwa kwa uaminifu, lingewaonyesha wakuu wapi pa kuanza kuangalia.

Wapo walimu, na miongoni mwao walionilea vizuri, wanaosema mwanafunzi hawezi kumpima aliyemzidi elimu, na kwamba atamwadhibu mwalimu mkali na kumsifu anayegawa alama. Hofu yao ina msingi. Mwaka 2016 Anne Boring na wenzake walichapisha uchunguzi wa vyuo vya Ufaransa na Marekani, wakaonyesha kwamba wanafunzi waliwapa walimu wanawake alama za chini bila sababu iliyotokana na ufundishaji wao. Kwa hiyo mimi siombi mwalimu apandishwe cheo au afukuzwe kwa wastani wa fomu. Naomba mwanafunzi aulizwe alichokiona kwa macho yake. Saa ngapi zilifundishwa? Kazi zilirudishwa zikiwa zimesahihishwa? Jaribio lilifanyika kwa mikono au kwa chaki? Mtihani ulitoka katika yale yaliyofundishwa? Kwa maswali hayo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ni shahidi kamili.

Namna ya kuyakusanya majibu haihitaji mashine. Katika vyuo kadhaa vya Tanzania mwanafunzi hujaza tathmini kwenye mtandao kabla ya kuona matokeo yake. Kwetu, ambako mtandao ukipatikana asubuhi umepotea jioni, karatasi inatosha. Igawiwe baada ya matokeo kubandikwa, si kabla. Isiwe na nafasi ya jina, na majibu yawe ya kutia alama tu, ili hati ya mkono isimfichue mtu. Anayetaka kuandika maoni, maoni yake yachapwe upya kabla mwalimu hajayasoma. Akusanye mtu wa kitivo kingine. Zihesabiwe mbele ya wanafunzi wawili na mwalimu mwenyewe, kisha hesabu ibandikwe kwenye valvu, ubao uleule tunaposomea matokeo yetu, na chini yake idara iandike itabadilisha nini na lini. Kama haiwezi kubadilisha kitu, iandike kwa nini. Kwa mwanafunzi anayelipa karo kwa pesa ya mchele ambao mama yake ameubeba kichwani hadi sokoni, hilo si jambo kubwa la kuomba.

Naelewa kwamba wakuu wana matatizo mengi yanayoonekana makubwa kuliko karatasi hii: majengo, mishahara, barabara. Lakini karatasi hii ndiyo inayowaambia walio Kindu na Kinshasa kwamba huku tunafundishwa vizuri, na wao wakisoma hivyo hawana sababu ya kutuletea hata chupa moja ya maabara.

Kwa hiyo, kupitia gazeti lenu, nawauliza wakuu wa vyuo vya Kasongo na wenzao wa Kindu, ambao walimu wao ndio wanaokuja kutufundisha, na naomba wajibu katika kurasa hizihizi: fomu za mwaka uliopita ziko wapi, nani alizihesabu, na ni kozi gani iliyobadilishwa kwa sababu ya majibu yake?

Mwalimu wa sekondari,
Kabambare, Maniema