Mtoto Huyu Humwandikia Nani?

Kila matokeo ya mitihani yatokapo, husikika malalamiko yale yale kwamba vijana wetu hawajui kuandika. Watoto wa Pwani hulaumiwa zaidi, kwani Kiswahili, wasema watu, wamekinyonya katika maziwa ya mama. Wazazi huwalaumu walimu, nao walimu huzilaumu simu. Ni wachache mno waulizao: mtoto huyu humwandikia nani?

Natutazame mfano mmoja. Miongoni mwa insha zifunzwazo katika skuli zetu ni barua kwa mhariri. Mwanafunzi hutia anwani na tarehe, kisha akalalamikia taka za mtaani kwao. Barua hiyo haimfikii mhariri yeyote. Humfikia mwalimu mwenye rundo la madaftari, ambaye huipigia mistari myekundu na kuirudisha. Taka zi pale pale, na mtoto amejifunza kwamba kuandika ni kutafuta maksi.

Huko Scotland, mwaka wa 2012, binti wa miaka 9 aitwaye Martha Payne alianza kuandika habari za chakula cha mchana alichopewa skulini. Kwa msaada wa babake aliviandika katika blogu, yaani daftari la mtandaoni ambalo kila mtu aweza kulisoma na kulijibu. Alipiga picha ya sahani, akahesabu matonge, akatoa maksi kwa kumi. Punde si punde watoto wa nchi nyingine wakawa wampelekea picha za vyakula vyao. Mwezi wa Juni baraza la wilaya likamkataza kupiga picha. Watu wakapiga kelele, na siku ya pili yake amri hiyo ikaondolewa. Michango iliyotolewa kwa ajili yake ilipita pauni 100,000, na kwa fedha hizo likajengwa jiko la kuwapikia wanafunzi nchini Malawi.

Lugha ya binti huyu ilikuwa nyepesi, ya kitoto. Nguvu yake ilikuwa ni wasomaji. Mtu ajuapo kwamba atasomwa na asiyemjua, hujitahidi kueleza waziwazi, na hupima ukweli wa neno kabla ya kulitoa.

Kwetu sisi jambo hili si geni. Muyaka bin Haji wa Mombasa na Zahidi Mngumi wa Lamu walijibizana kwa mashairi, kila mmoja akijua kwamba mji mzima wamsikiliza na kwamba kosa lake litajibiwa. Naye Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, alipotaka kuwaamsha Waislamu wa Mombasa, alianzisha gazeti la Al-Islah mwaka wa 1932, hali mimbari ya msikitini alikuwa nayo.

Walakini, tahadhari ni lazima. Maji yakimwagika hayazoleki, na la mtandaoni ndilo lisilozoleka kabisa. Ghiba ni haramu kwa ulimi na kwa kalamu pia. Sheria ya Kenya ya mwaka wa 2019 ya kulinda habari za watu yataka idhini ya mzazi au mlezi kabla habari za mtoto hazijatumiwa. Kwa hivyo mwalimu apate idhini hiyo kwanza, afiche majina na sura za watoto, hasa za mabinti, na asome kila jawabu kabla halijatokea. Martha mwenyewe alikuwa na babake ubavuni.

Na skuli isiyo na kompyuta je? Ukuta inao. Insha tano bora zibandikwe mlangoni kila Ijumaa, wazazi wazisome na kuzijibu, au madaftari yabadilishwe baina ya skuli ya Likoni na ya Lamu. Na ile barua ya taka, yafaa itiwe bahasha, ipelekwe kwa mhariri aliye hai.

Siku mtoto atakapojibiwa na mtu asiyemjua, hatahitaji kuambiwa aandike vizuri.