Jeshi Likiachia, Nani Anashika?

Ukitaka kumchosha mwanafunzi, mwambie aandike insha kuhusu ushirikiano wa raia na wanajeshi katika kusuluhisha migogoro ya kimataifa. Mara moja atafikiria New York na Geneva, mabwana waliovaa suti, na helikopta zilizopakwa rangi nyeupe. Kibera haitamjia akilini hata kidogo. Ilhali, msomaji, mtaa huo wenyewe ni mtoto wa raia na wanajeshi waliokosa kuelewana.

Hebu turudi nyuma kidogo. Kuanzia mwaka wa 1904 hivi, Waingereza waliwapa makao askari wa Kisudani waliotumikia kikosi cha King's African Rifles, katika msitu ulio kando ya Nairobi. Askari hao, Wanubi, waliuita msitu huo "kibra" kwa lugha yao, na jina likabaki. Eneo hilo lilikuwa na ekari karibu 4,200. Hata Laini Saba, husemwa kwamba ilipata jina lake kutokana na uwanja wa shabaha wa askari hao. Aliyetaka kujenga au kulima alihitaji kibali kutoka kwa wakubwa wa jeshi, na kwa askari aliyezeeka kibali hicho kilikuwa sawa na ahadi: umetumika, basi kaa hapa wewe na wanao.

Mnamo 1928 jeshi likaikabidhi Kibera kwa utawala wa kiraia. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Watawala hao hawakuiona ahadi ya jeshi kuwa deni lao. Machoni pao Wanubi walikuwa watu walioruhusiwa tu kukaa kwenye ardhi ya serikali. Mzozo ukavuka Uhuru, ukavuka marais watatu, na hati ya kumiliki ardhi ya jamii ikatolewa Juni 2017 wakati wa Rais Uhuru Kenyatta. Ilikuwa ya ekari 288. Piga hesabu mwenyewe: miaka 89 tangu makabidhiano, na ekari zilizobaki ni kama kipande cha muwa kilichokwisha kutafunwa.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu wengi wetu tukizungumza juu ya majeshi ya kulinda amani, huuliza kama wana silaha za kutosha au kama wamelipwa. Ni mara chache tunauliza juu ya kijiti. Sisi Wakenya twazijua mbio za kupokezana vijiti. Mkimbiaji anaweza kuwa na kasi ya swara, lakini kijiti kikianguka pale anapompa mwenzake, kazi yote imekwenda bure.

Umoja wa Mataifa unajua hivyo, angalau kwenye karatasi. Katika misheni zake nyingi kamanda wa kikosi huwa chini ya raia, yaani Mjumbe Maalum wa Katibu Mkuu. Sierra Leone, kwa mfano, Jenerali Daniel Opande wa Kenya alichukua uongozi wa kikosi mwishoni mwa 2000, miezi michache baada ya waasi kuwateka mamia ya askari wa UN, Wakenya wakiwemo. Juu yake alikuwapo mwanadiplomasia kutoka Nigeria, Oluyemi Adeniji. Raia alizungumza na viongozi wa waasi, jeshi likafungua barabara, na kufikia Januari 2002 wapiganaji zaidi ya 70,000 walikuwa wamesalimisha silaha. Hapa kwetu Karen, si mbali na Kibera, kipo kituo cha kimataifa cha mafunzo ya kulinda amani, IPSTC, ambako wanajeshi, polisi na raia husomeshwa mambo haya haya.

Lakini somo lililotugusa zaidi halikutoka darasani.

Matokeo ya urais yalipotangazwa Desemba 30, 2007, Kibera iliwaka. Soko la Toi liliteketezwa. Reli ya kwenda Uganda, inayopita katikati ya mabanda, iling'olewa na vijana. Askari wa GSU walijaa barabarani na moshi wa vitoa machozi ukaingia hadi kwenye vyumba vya watoto wachanga. Siku iliyofuata watu watano walikutana katika hoteli ya Serena: Balozi Bethuel Kiplagat, Bi Dekha Ibrahim Abdi, Bw George Wachira, na majenerali wawili wastaafu, yule yule Opande pamoja na Lazaro Sumbeiywo. Sumbeiywo ndiye aliyesimamia mazungumzo ya Sudan hadi mkataba ukatiwa sahihi Nairobi mnamo Januari 9, 2005. Walijiita Raia Wanaojali Amani, wakafungua mlango kila asubuhi kwa yeyote aliyetaka kuja kusema analojua.

Majenerali walitafuta nini katika kikao cha namna hiyo? Hawakuwa na kikosi wala amri ya kutoa. Kwa maoni yangu thamani yao ilikuwa hapo hapo. Walijua jinsi mtu mwenye silaha anavyofikiri, walijua vita huishaje, na walikubali kuketi kwenye kiti sawa na cha mama kutoka Wajir.

Na mama huyo hakuwa mtu wa kubahatisha. Miaka ya mwanzo ya 1990 koo za Wajir zilipokuwa zikichinjana, yeye na wanawake wenzake walianzia sokoni, wakahakikisha kwamba mwanamke wa ukoo wowote anaweza kuuza na kununua bila kubughudhiwa. Kisha wakawatafuta wazee, wakawatafuta vijana, mwishowe wakaunda kundi la kukimbilia mahali palipozuka fujo. Ndani ya kundi hilo mlikuwa na mzee, kiongozi wa dini, mwanamke na ofisa wa usalama, wote pamoja. Mzee alizungumza, ofisa akasikiliza, na wanakijiji wakaona kwamba mwenye sare amekuja na watu wanaowajua. Bi Dekha alifariki Julai 2011 kufuatia ajali ya barabarani. Ningependa wanafunzi wetu walijue jina lake jinsi wanavyowajua wachezaji wa kandanda wa Uingereza.

Kibera ya 2008 haikuwa na bahati ya Wajir. Shirika la PeaceNet lilipokea ujumbe mfupi wa simu kutoka kwa wananchi: hapa watu wanakusanyika, pale nyumba zimetiwa alama. Habari hizo zilipelekwa kwa wapatanishi wa mtaani na kwa utawala. Ni mpango mzuri. Hata hivyo, tume ya Jaji Waki ilipohesabu waliokufa nchini ilipata 1,133, na kati yao 405 walikuwa wameuawa kwa risasi, nyingi zikiwa za polisi. Sasa mwambie mama wa Gatwekera ambaye jirani yake alipigwa risasi ampigie simu mwenye sare. Atakuuliza kama una akili timamu. Msanii Solo Saba alitembea na brashi na rangi akiandika maneno ya amani kwenye kuta na milango, na watu walimpisha, pengine kwa kuwa hakubeba kingine.

Tuvuke sasa tuende Kawangware, ambako matatu nambari 46 hukushusha kati ya wauza mitumba na familia nyingi zilizotoka Kongo. Hao walikuwa na hamu kubwa Novemba 2022, wanajeshi wa Kenya walipotua Goma wakiwa sehemu ya kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki chini ya Meja Jenerali Jeff Nyagah. Mpango ulikuwa na miguu miwili. Mguu wa raia ulikuwa mazungumzo ya Nairobi yaliyosimamiwa na Uhuru Kenyatta, na wa pili ulikuwa jeshi. Lakini kikao cha Nairobi kilichoanza mwishoni mwa mwezi huo kilifanyika bila waasi wa M23, wenye bunduki nyingi kuliko wote. Jeshi nalo lilipewa kazi ya kukalia maeneo waliyoyaachia waasi, kama vile Kibumba na Rumangabo, huku serikali ya Kinshasa na wakazi wa Goma wakitarajia lipigane. Februari 2023 wakazi hao waliandamana dhidi ya kikosi. Aprili Jenerali Nyagah akajiuzulu akisema usalama wake umetishiwa. Desemba kikosi kikafunga virago.

Wapo wanaosema wanajeshi wetu walikuwa waoga. Sikubaliani nao. Kamanda anayetumwa bila raia wa kumweleza mwenye nyumba amekuja kufanya nini, hata angekuwa simba, atageuka mgeni asiyetakikana.

Januari 2025 M23 waliiteka Goma. Familia za Kawangware zilizokuwa zikihesabu miezi ya kurudi makwao zilifungua tena mabegi, na watoto wakaendelea na shule hapa hapa, Kiswahili chao cha Goma kikizidi kuchanganyika na sheng.